Mzigo wa Nani? Mtume Paulo, bendi na albamu yetu



Vijana wenzangu, leo somo letu linahusu albamu. Vikundi vingi vya vijana parokiani, hapa Cheyo na kwingineko, vina ndoto hii: kuingia studio, kurekodi nyimbo nane hivi, kuziweka YouTube, basi. Halafu inatajwa bei. Na bei ikishatajwa, anatokea mgeni rasmi, hasa uchaguzi ukikaribia. Yuko tayari kulipia studio yote, ila kuna ubeti mmoja angependa jina lake lisikike.

Kwa Tabora swali hili si geni. Zamani Wanyamwezi walikwenda pwani na misafara yao wenyewe, wakiuza mali yao. Wengi pia walibeba mizigo ya matajiri kwa ujira. Njia ileile, bega lilelile, lakini mzigo wa nani?

Muziki nao una historia hiyo. Mji wetu ulitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Lakini bendi nyingi za enzi zile zilipiga vyombo vya mtu au taasisi. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Na nyimbo zikirekodiwa RTD, tepu zilibaki redioni.

Sasa waangalie Just A Band wa Nairobi. Ni vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakatoa albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, mwaka 2008, bila kampuni kubwa nyuma yao. Muziki walitengeneza wenyewe, hata video. Ile ya Ha-He ya mwaka 2010, yenye Makmende, ilisambaa mtandaoni hadi nje ya Kenya. Albamu ya tatu, 2012, waliiita Sorry for the Delay, yaani samahani kwa kuchelewa. Jina hilo nalipenda kuliko nyimbo zenyewe (msinipige mawe). Aliyewahi kufanya kitu kwa mfuko wake atalielewa.

Kwenye falsafa tunatofautisha uhuru wa kutoka kwa mtu na uhuru wa kufanya jambo. Wa kwanza ni rahisi: huna bosi. Wa pili ndio mgumu, maana unakuuliza, sasa unaimba nini?

Hapo Mtume Paulo anatufaa sana. Akiwa Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Priskila (Mdo 18:3), akakataa kabisa kuwalemea Wakorintho (2Kor 11:7-9). Lakini ukisoma vizuri, palepale anakiri kuwa ndugu kutoka Makedonia walimsaidia! Na Wafilipi anawashukuru waziwazi kwa msaada wao (Flp 4:15-16). Anajipinga? Hapana. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba Korintho mfadhili alitegemea kusifiwa na yule aliyemlisha, na Paulo hakutaka Injili iwe na mwenyewe mwingine. Wafilipi walikuwa wenzake katika kazi. Pesa ni pesa, ila hii ilikuja na kamba na ile haikuja nayo.

Kwa hiyo mchango wa wazee wa jumuiya, mia tano mia tano baada ya Misa, si aibu hata kidogo. Mfadhili mwenye ubeti wake, huyo mwambieni asante kwa heshima, hata kama albamu itasubiri mwaka mwingine. Mimi naona bora nyimbo tatu zenu kuliko nane zake.

Kabla ya kikao kijacho, someni Lk 14:28-30, kisha kaeni na karatasi. Andikeni gharama ya studio, ya prodyuza, nauli, usajili COSOTA. Pembeni ya kila mchango ulioahidiwa, andikeni mtoaji ameomba nini.