Somo la Ufundi: Lori Kuukuu Linalogonga na Kuchemsha



Malori mengi yanayopanda vilima vya Isingiro kuja Nakivale na mizigo ya mahindi, kuni au maji ni ya umri mkubwa. Ni Isuzu, Fuso na hata Bedford zilizokwisha kupita mikononi mwa wenye mali wengi. Likisimama moja njiani, kuna jamaa watakaolala bila maji. Kwa hiyo somo la leo ni lenu ninyi madereva, wasaidizi wao na vijana mnaojifunza ufundi. Tunataka mjue kusikiliza na kutazama kabla ya kushika spana, na mjue lini lori liendelee na lini lisisogee hata hatua moja.

Injini ya dizeli hugonga kidogo ikiwa baridi. Huo ndio mlio wake, usikutie hofu. Hofu ianze mlio unapobadilika.

Anza na oili. Lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa chini ya alama, hiyo peke yake yatosha kuleta kugonga. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, basi mafuta yanavuja ndani na kuifanya nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiliwa na maji, na injini hiyo usiiwashe tena mpaka fundi aifungue.

Oili ikiwa nzuri, washa, kisha chukua bisibisi ndefu. Weka ncha yake kwenye injini na mpini karibu na sikio. Funga mikono ya shati na ukae mbali na feni na mkanda wake. Sogeza bisibisi juu kwenye hedi, kisha ubavuni, kisha chini karibu na sampu.

Mlio mkali, mkavu, unaotoka juu, pamoja na moshi mweusi au mweupe, mara nyingi ni wa nozeli. Mlio wa ubavuni unaosikika asubuhi na kupungua injini ikipata moto ni wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Lori laweza kufanya kazi nalo miezi mingi, ila litakula oili. Mlio mzito kama nyundo, unaotoka chini, unaozidi injini ikipata moto huku geji ya presha ya oili ikishuka, ni wa beringi za konrodi. Huo ndio wa kuogopa. Zima hapo hapo. Wapo madereva wanaosema, "Tutafika tu, ni kilomita tano." Konrodi ikikatika hutoboa bloku, na kazi ya kubadilisha beringi inakuwa kazi ya kutafuta injini nyingine.

Kujua silinda yenye kasoro, injini ikizunguka polepole legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, kisha uikaze, uende kwenye inayofuata. Kugonga kukitoweka kabisa ulipolegeza namba 3, shuku nozeli ya namba 3. Kukipungua tu na kubaki kwa mbali, yaweza kuwa beringi ya silinda hiyo, maana umeiondolea mzigo. Usiweke kamwe mkono wala uso mbele ya dizeli inayoruka. Ikitoka kwenye nozeli ina nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano linahitaji daktari siku ile ile.

Tuje kwenye kuchemsha. Sehemu hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka karibu digrii 96, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia: kila pauni moja ya presha huongeza digrii moja na nusu hivi. Kifuniko ambacho mpira wake umekufa, au kilichobadilishwa na kitambaa na waya (mmekiona!), kinatosha kulichemsha lori zima mlimani.

Tazama mkanda wa feni. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, ushuke sentimita moja hivi. Tazama mapezi ya rejeta. Vumbi na mbegu za majani hujaa mbele, nanyi yasafisheni kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda nje, si kinyume. Rejeta inayovuja isitiwe unga wala yai. Tundu huziba, na njia nyembamba za maji huziba nazo.

Kuna desturi ya kung'oa thamostati na kuitupa. Haifai. Katika injini nyingi maji yatapita njia ya mkato bila kufika yote kwenye rejeta, na asubuhi injini itachelewa kupata moto, ikichafua oili. Ipime kwanza: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Nyingi hufunguka penye digrii 82 hivi. Maji yakichemka nayo bado imefunga, imekufa.

Sasa sikilizeni hapa, kwani wengi hutibu magonjwa mawili kumbe ni moja. Taimingi ya pampu ya dizeli ikiwekwa mapema mno, injini hugonga na pia huchemsha. Na injini iliyochemka mara nyingi huunguza gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji mpaka mdomoni, washa kwa dakika chache tu. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda.

Likichemka njiani, ondoa mzigo kwenye injini: simama, weka gia huru, iache izunguke polepole ikiwa maji bado yamo. Yakiwa yamekwisha, zima. Usifungue kifuniko, ngoja mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Msaidizi wa dereva ndiye hutumwa kukifungua, naye ndiye huungua uso. Kisha tia maji kidogo kidogo, kwani maji baridi kwa wingi hupasua hedi yenye moto.

Ukilivuta mpaka gereji, mwambie fundi haya: lilianza kugonga likiwa baridi au moto, moshi ulikuwa wa rangi gani, geji ya oili ilisoma nini, na umeongeza maji lita ngapi tangu juzi. Oili ikimwagwa, ipitisheni kwenye kitambaa safi mbele yake, mtazame kama kuna chembe zinazong'aa.