SOMO LA KILIMO: ALIZETI, MWENZI WA MAHINDI

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Kitale huvuka mto Nzoia penye mji wa Moi's Bridge, ambao zamani za ukoloni uliitwa Hoey's Bridge. Kando ya barabara ataona mashamba ya mahindi, na mjini ataona maghala makubwa ya Bodi ya Nafaka. Mahindi ndiyo heshima ya nchi hii. Lakini mvua ikikatika kabla hayajabeba, mkulima wa zao moja hana pa kukimbilia. Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya alizeti.

Mmea wenyewe

Alizeti ni ya jamii moja na pareto, lakini pareto hupenda milima yenye baridi, hali alizeti hustahimili joto na ukavu. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wahispania waliileta Ulaya katika karne ya 16, na Warusi wakaifanya zao kubwa la mafuta katika karne ya 19.

Watu wengi hudhani kuwa kile kichwa cha manjano ni ua moja. Sivyo. Ni mkusanyiko wa maua madogo mengi sana. Yale ya ukingoni hayazai. Ya katikati, kila moja laweza kutoa mbegu moja. Kazi ya kuyachavusha hufanywa zaidi na nyuki. Basi anyunyizaye dawa ya wadudu wakati wa kuchanua hujipunguzia mavuno kwa mkono wake mwenyewe.

Jinsi inavyostahimili ukame

Mzizi mkuu wa alizeti waweza kuzama mita 2 palipo na udongo mzuri, ukafikia maji yaliyo mbali chini. Hata hivyo tusidanganyane: kustahimili ukame si kuishi bila maji. Tangu tumba litokeapo mpaka mbegu zijae, mmea ukikosa maji kabisa, mbegu nyingi zitakuwa makapi.

Kupanda

Alizeti hukaa shambani kama miezi 4 au 5, kwa kadiri ya aina ya mbegu na baridi ya mahali. Mkulima na ahesabu miezi hiyo kurudi nyuma, ili vichwa vikomae mvua inapopungua, kwa maana vikinyeshewa sana huoza.

Mbegu bora haziko mbali. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina makao yake Kitale, na mojawapo ya mbegu zake za alizeti ni Kenya Fedha. Anunuaye mbegu chotara hana budi kununua nyingine kila msimu.

Panda kwa mistari iliyoachana futi 2 na nusu, na kati ya shimo na shimo iwe futi 1. Kina cha inchi 1 hadi 2 chatosha. Kilo 2 za mbegu hutosha ekari 1. Miche ikiota, punguza ubakie mmoja katika kila shimo, kisha palilia mapema. Mwaka unaofuata panda zao jingine mahali pale, ili magonjwa ya ukungu yasizidi.

Adui mkubwa ni ndege. Yafaa majirani wapande pamoja, mbali na miti mingi, ili hasara isimwangukie mtu mmoja.

Kuvuna na faida yake

Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano na kuanza kuwa kahawia, vuna bila kukawia. Kausha juani, pura, pepeta, kisha anika mbegu tena, kwa kuwa mbegu zenye unyevu huharibika ghalani.

Katika kilo 100 za mbegu nzuri za mafuta, kama kilo 35 hadi 45 ni mafuta. Mashine ndogo za kukamulia haziyatoi yote. Yanayosalia hubaki katika mashudu, ambayo ni chakula kizuri cha ng'ombe na kuku.

Kenya hununua nchi za nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia. Mwaka 2022, vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine, nchi mbili zinazoongoza kwa alizeti duniani, bei ya mafuta ilipanda hata katika maduka ya vijijini kwetu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatusemi mahindi yaachwe; usiache mbachao kwa msala upitao. Twasema hivi: kwanza ulizia ilipo mashine ya kukamulia na mnunuzi aliye karibu, kisha jaribu robo ekari. Mwaka wa mvua njema utapata mafuta ya nyumbani, na mwaka wa mvua haba hutakuwa umeweka tumaini lako lote katika zao moja.