Picha juu ya picha: kuandaa somo la Rusumo kwa simu

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda field Ngara au Biharamulo, programu ya video iliyo kwenye simu yako inatosha kufundishia ramani. Ila kwanza ujue inachofanya.

Kila nukta ya picha ina namba tatu za rangi, kuanzia 0 hadi 255. Faili la PNG linaweza kubeba namba ya nne, inayoeleza nukta hiyo izibe kiasi gani kilicho chini yake. JPEG haina namba hiyo, ndiyo maana nembo nyingine huja na boksi lake jeupe. Ukiipa safu ya juu 30%, programu inachukua 30% ya juu na 70% ya chini. Juu 200, chini 100: 60 jumlisha 70, unapata 130. Hesabu ya darasa la saba tu.

Sasa chora kwa biki nyeusi kwenye karatasi nyeupe mto Ruvubu ukitoka Burundi, ukipita Ngara na kuungana na Kagera karibu na Rusumo. Ipige picha mchana, iweke juu ya picha ya angani, kisha uchague mchanganyo wa maltiplai. Hapo namba za safu mbili zinazidishwa, halafu zinagawiwa kwa 255. Nyeupe ni 255, kwa hiyo haibadilishi kitu: karatasi inapotea, wino unabaki. Karatasi ikitoka ya kijivu (taa za hosteli hizo!) picha nzima itafifia, basi ongeza mwanga kwanza. Kwa Biharamulo, chora mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, halafu safu nyingine yenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa 2019. Mwanafunzi anaona kilichounganishwa.

Pagumu ni historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya kama saa 24, wengi wakaishia kambi ya Benaco, Ngara. Inavutia kuweka picha yao kwa 50% juu ya picha ya malori yanayopita Rusumo leo. Mimi siungi mkono. Kwa 50% hakuna picha iliyo juu wala chini machoni; mtoto aliyezaliwa juzi ataona wakimbizi wanatembea katikati ya malori ya leo, na darasani huenda yupo ambaye bibi yake alivuka siku hiyo.

Anza na ya 1994 kwa 100%, iache sekunde tano, ishushe hadi 0 kwa sekunde mbili, ya leo ibaki peke yake. Mwaka uandike kwenye safu ya juu kabisa, ufifie pamoja na picha yake.