KUIHISABU NAFSI MWAKA UKIISHA NA KUUPANGA MWAKA UJAO

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeufanya usiku na mchana kufuatana ili mwenye kutaka kukumbuka akumbuke. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu yangu msomaji, mwezi wa Mfunguo Tatu, nao ndio Dhulhijja, ukikaribia kwisha, mwenye duka hufungua daftari lake. Hutazama kilichoingia na kilichotoka, huipima mali iliyo ghalani, huandika anayowia watu na anayowiwa. Ikipotea pishi moja ya mchele, usiku huo halali. Lakini mtu huyo huyo umri wake umepungua siku 354, wala haulizi zimekwenda wapi! Basi katika somo hili tutaeleza namna ya kuihisabu nafsi, na namna ya kuingia mwaka mpya hali ya kuwa mtu ajua aendako.

FASLU YA KWANZA: ASILI YA HISABU YA MWAKA WETU

Katika ukhalifa wa Sayyidna Omar bin Khattab r.a., uliokuwa tangu mwaka wa 13 hata wa 23 wa Hijra (634 mpaka 644), imepokewa kuwa aliletewa hati ya deni iliyoandikwa kwamba litalipwa Shaabani. Akauliza: Shaabani ipi? Hii tuliyo nayo, au iliyopita, au ijayo? Akaona kuwa watu hawana budi na tarehe, akawakusanya masahaba kushauriana. Wako waliotaka mwaka uhisabiwe tangu kuzaliwa kwa Mtume s.a.w., wako waliotaka tangu kupewa utume, na wako waliotaja kufa kwake. Mwisho wakaafikiana juu ya Hijra, yaani mwaka wa 622. Shauri hili lilikuwa yapata mwaka wa 17. Na mwezi wa kwanza wakaufanya Muharram, nao ndio Mfunguo Nne kwa hisabu yetu ya pwani, kwa kuwa ndio mwezi mahujaji wanaporejea makwao.

Mwenye akili hupata hapa mafunzo mawili. La kwanza, tarehe yetu iliwekwa ili haki za watu zisipotee. Basi mwaka upitao bila ya haki kulipwa, faida ya tarehe hiyo haikupatikana. La pili, masahaba waliyaacha mazazi, ambayo mtu hana kazi yake ndani yake, wakachagua tendo: kuuacha mji wa dhulma na kwenda kuujenga mji wa haki. Na Mtume s.a.w. amefundisha kuwa mwenye kuhama kwa kweli ni yule ayahamaye aliyokatazwa na Mwenyiezi Mungu. Kwa hivyo kila mwaka mpya humwuliza Muislamu: Je, wewe umehama nini?

FASLU YA PILI: HISABU NA IANZE KWA NEEMA

Wako wadhanio kuwa kujihisabu ni kujilaumu tu. Mtu huketi akaorodhesha makosa yake, moyo ukamvunjika, akasema: mimi si wa kutengenea. Kisha huacha hata lile dogo alilokuwa akilitenda. Hiyo si hisabu, ni mlango wa kukata tamaa, na kukata tamaa na rehema za Mola kumeharimishwa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 (1111), ameeleza katika Ihya kuwa mtu na nafsi yake ni mfano wa mfanya biashara na mshirika wake. Rasilmali ni faradhi, faida ni sunna, na hasara ni maasia. Sasa tazama: ni mfanya biashara gani aandikaye hasara peke yake, asiandike rasilmali wala faida? Daftari lake litakuwa la uwongo. Na Qurani katika Sura ya Dhuha imeamrisha neema za Mola zitajwe, na katika Sura ya Ibrahim ameahidiwa mwenye kushukuru kuwa atazidishiwa.

Basi chukua karatasi, uandike kwanza neema za mwaka: mgonjwa aliyepona, mtoto aliyekhitimu juzuu, riziki iliyokuja usipoitazamia, jirani mliyesuluhishana baada ya kununiana. Kisha andika mema uliyowafikishwa, ijapokuwa ni rakaa mbili za dhuha ulizozidumisha au yatima uliyemnunulia kanzu. Usiyadharau, maana ndiyo rasilmali ya mwaka ujao. Wala usijivune nayo; aliyekuwafikisha ni Mola wako, na angalitaka asingalikuwafikisha. Ukiisha kuyaona hayo, ndipo uyatazame makosa, nawe una nguvu ya kuyatengeneza.

FASLU YA TATU: MADENI MATATU YASIYOVUSHWA MWAKA

La kwanza ni haki za watu. Nami nitasema lililonifika mwenyewe. Palikuwa na fundi cherahani aliyenishonea kanzu ya Idi, nikabakisha sehemu ya ujira wake. Kila nilipompita barazani pake nilimwambia: kesho, inshaallah. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka, akinijibu: hapana neno, Shekhe. Mwezi ukaingia, mwezi ukatoka. Siku moja nikasikia anatangazwa msikitini, jeneza litatoka baada ya laasiri. Nalisimama katika safu ya kumsalia, nami namsalia mtu aliyekuwa akiniwia. Wallahi sijapata kuona sala nzito kama ile. Nikaenda kwa warithi wake nikalipa, kwani deni la maiti ni haki ya warithi. Lakini neno la kumtaka radhi sikumpata wa kumwambia. Tangu mwaka ule, ninapoandika hisabu yangu, jina la kwanza ninalolitafuta ni la mtu ninayemwambia kesho.

La pili ni zaka. Sharti ya zaka ya mali ni kupitiwa na mwaka, nao ni mwaka wa mwezi, siku 354 au 355, si wa jua wenye siku 365. Wafanya biashara wengi hutoa zaka kwa kufuata Januari mpaka Disemba, wakaona hapana tofauti. Tofauti ipo: kila mwaka ni siku kama 11, na miaka 33 ya jua ni karibu na miaka 34 ya mwezi. Basi aliyefanya hivyo kwa miaka 33 amewanyima mafakiri zaka ya mwaka mzima, naye hana khabari. Shika tarehe moja ya mwezi wetu, kama mosi Muharram au mosi Ramadhani, kwa kadiri mwaka wa mali yako ulivyoanza, uiandike daftarini, na siku hiyo itoe fungu moja katika kila 40.

La tatu ni saumu zilizofutwa. Aliyefungulia kwa ugonjwa, safari au hedhi, ajue ni siku ngapi, aziandike. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kuakhirisha kadha pasipo udhuru hata Ramadhani nyingine ikamwingilia, itampasa kulipa siku zile pamoja na mudi moja ya chakula kwa kila siku. Ajabu ni kuwa siku sita au saba huwashinda watu kwa muda wa miezi 11, kwa sababu hawakuzipangia siku zake!

FASLU YA NNE: KUUPANGA MWAKA UJAO

Wako wasemao kuwa kupanga ya mbele ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Hawa na waitazame Hijra yenyewe. Sayyidna Abubakar r.a. aliwalisha ngamia wawili kwa miezi minne akiingojea safari. Aliajiriwa kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraikit, naye hakuwa Muislamu, bali alikuwa hodari na mwaminifu. Mtume s.a.w. na sahibu yake wakakaa siku tatu katika pango la Thaur. Abdullahi bin Abubakar akiwaletea khabari za Makureshi usiku, na Amir bin Fuhaira akiwapelekea kondoo wapate maziwa. Na Sayyidna Ali r.a. akabakishwa Makka arejeshe amana za watu, hata za wale waliokuwa wakimwudhi Mtume! Baada ya hayo yote, walipofika maadui mlangoni pa pango, hapakusalia ila kumtegemea Mungu. Fahamu basi: matengenezo kwanza, tawakali pamoja nayo, na amana hurejeshwa kabla ya safari.

Panga kwa njia hii. Chagua mambo machache, matatu yatosha: moja la Mola wako, moja la watu wa nyumbani mwako, na moja la mji wako. Kila moja liwe na kipimo na wakati, kama kusoma juzuu moja kila juma, au kukaa na watoto baada ya magharibi ukiwasomesha, au kutoa kitu maalumu kila mwezi kwa chuo cha mtaa. Yawe madogo yenye kudumu, kwani Mtume s.a.w. ameeleza kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ni kidogo. Na useme inshaallah kwa kukusudia, si kama nilivyomwambia fundi yule. Kisha kila mwisho wa mwezi itazame karatasi yako. Mwezi mmoja ukipotea, kumi na moja imesalia.

Na tufahamishe kuwa hisabu hii si ibada iliyowekewa usiku maalumu, wala hatukuamrishwa sala khasa ya mwaka mpya. Mwaka ni ukumbusho tu. Lililothibiti katika Muharram ni kufunga: siku ya Ashura, nayo ni mwezi kumi, pamoja na ya tisa.

KHATIMA

Ndugu yangu, daftari la duka likikosewa hutengenezwa mwaka wa pili. Daftari la umri siku moja litafungwa, kama lilivyofungwa la fundi wangu, na kalamu haitakuwa mkononi mwako. Ilhali leo ingali mkononi. Mwenyiezi Mungu atukubalie mema ya mwaka uliopita, atusamehe maovu yake, na atuwafikishe katika ujao. Amin.

MASWALI YA SOMO HILI

1. Kwa sababu gani masahaba walichagua Hijra iwe mwanzo wa tarehe?
2. Kwa nini hisabu ya nafsi ianze kwa neema?
3. Mwenye kutoa zaka kwa mwaka wa jua hukosa nini?
4. Taja matengenezo matatu yaliyofanywa katika safari ya Hijra.
5. Swali hili usimjibu mwalimu, ujijibu mwenyewe: Ni nani unayemwambia kesho?