Gari la Moshi na Taruma Zake

Watu hulifananisha geuko la ghafula na gari la moshi: kimya, mara kishindo, mara limekwisha pita. Mfano huu ni mzuri, ila una upungufu mmoja, nao ndio darasa letu la leo. Gari haliendi pasipo reli, na reli haitandikwi kwa usiku mmoja.

Tutazame khabari ya mji wetu. Waingereza waliipima njia ya kwendea Uganda mwaka 1891 na 1892. Mwaka 1896 reli ikaanza kutandikwa Mombasa, kwa mikono ya vibarua walioletwa kwa maelfu kutoka Bara Hindi. Mwaka 1899 ikafika Nairobi, palipokuwa kinamasi na malisho ya Wamasai. Na mwisho wa mwaka 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu. Hiyo ni miaka kumi tangu njia kupimwa. Taruma baada ya taruma, mchana, machoni pa watu.

Na biashara ya misafara ikiendelea kana kwamba ni ya milele. Msafara ulichukua miezi kufika Uganda, na kwa miezi hiyo walikula wengi: mpagazi, kiongozi wa njia, mwenye kukopesha mali, muuza nguo na shanga. Gari likaifanya safari ile kuwa ya siku chache. Hapana aliyewapiga wapagazi marufuku; kazi iliwaondokea tu. Mwaka 1905 makao ya serikali nayo yakahamia Nairobi, mji ambao miaka kumi nyuma haukuwako. Wako wapendao kuwalaumu wakoloni kwa hili, na lawama wanayo. Lakini lawama haimfunzi kijana kazi.

Twayasema haya kwa kuwa mambo yalirudi. Ujenzi wa reli mpya ulianza mwaka 2014, abiria wakapanda mwaka 2017, kisha ikaamriwa makontena yapelekwe kwa reli hadi Nairobi. Madereva wa malori na makarani wa mabohari wakabaki mikono mitupu, na mwaka 2019 watu wakaandamana Mombasa. Kudai walikuwa na haki, na amri ile iliondolewa mwaka 2022. Lakini katika ile miaka ya ujenzi, ni baraza ngapi zilizokaa zikauliza: vijana wetu gani watajifunza kuendesha mtambo huu, kuutengeneza, au kuandika hesabu za shehena yake?

Suali hili twaliacha mbele ya kila mzazi mwenye mtoto amalizaye skuli mwaka huu. Aje na jawabu lake darasa lijalo, inshallah, na kijana mwenyewe aje naye.