Jinsi ya Kujenga Imara kwa Saruji Kidogo Kisii na Nyamira

Lori la saruji linalopanda Keroka kuelekea mjini Kisii huwa limeshasafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Athi River, kupitia Narok, Bomet na Sotik. Moshi wake kila mtu anauona. Hewa chafu iliyo nyingi zaidi ilibaki kiwandani, na sehemu yake kubwa haikutokana na moto.

Saruji huanzia kwenye mawe ya chokaa. Husagwa, huchanganywa na udongo, kisha huchomwa katika tanuri hadi joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi. Jiwe la chokaa likipashwa joto hivyo huachia kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, iliyofungika ndani yake tangu zama za kale. Kinachobaki ni vipande vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo vikawa saruji. Takribani asilimia 60 ya hewa ukaa ya klinka hutoka katika jiwe lenyewe, na inayobaki hutoka katika fueli inayochoma tanuri. Kwa hiyo hata kiwanda kikiacha makaa ya mawe na kuchoma maganda ya mpunga, tatizo linapungua tu, haliishi. Duniani kote saruji inakadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, kiasi kinachozidi cha usafiri wote wa ndege.

Mtu anayejenga Suneka au Nyansiongo hana la kufanya kuhusu tanuri la Athi River. Anachoweza kuamua ni saruji gani anunue na mifuko mingapi ipotee bure. Hapo shilingi na hewa ukaa zinakwenda pamoja: mfuko usionunuliwa hauchafui chochote.

Tuanze na maandishi ya mfuko, ambayo wengi hawayasomi. Nambari 32.5 na 42.5 zinaeleza nguvu. Herufi zinazoanza na CEM zinaeleza kilichomo. CEM I ni klinka karibu tupu, asilimia 95 au zaidi. CEM II/B-P ina pozolana, yaani mawe ya volkano yaliyosagwa, kati ya asilimia 21 na 35. CEM IV/B inafika asilimia 36 hadi 55. Pozolana haihitaji kuchomwa katika tanuri, maana volkano ilishaichoma zamani. Kwa makadirio, mfuko wa kilo 50 wa CEM I hubeba karibu kilo 40 za hewa ukaa, na ule wenye pozolana nyingi unaweza kushuka hadi kilo 25 hivi.

Kwa kuunganisha matofali, kupiga plasta na sakafu ya kawaida, 32.5 yenye pozolana inatosha kabisa. Kununua 42.5 kwa ajili ya plasta ni kutupa pesa, hata kama muuzaji wa duka la vifaa atakuambia "hii ndiyo ngumu". Nguzo, boriti na slabu ya ghorofa ni jambo jingine. Hapo fuata maagizo ya mhandisi wala usibane chochote, kwa sababu jengo likiporomoka, saruji yote iliyomo imepotea, na uhai wa watu ukipotea ni hasara isiyolipika.

Adui mkubwa wa saruji katika milima hii ni mvua. Kisii na Nyamira hunyeshewa karibu mwaka mzima, na saruji hufyonza unyevu wa hewa hata mfuko ukiwa haujafunguliwa. Usinunue mifuko ya mwaka mzima kwa kuogopa bei kupanda. Angalia tarehe, nunua ya kazi iliyopo, na uitumie kabla ya miezi mitatu kupita. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, kisha uifunike kwa karatasi ya nailoni. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, saruji hiyo imeshaanza kufa. Usiipeleke kwenye nguzo.

Upotevu mwingine uko kwenye karai. Fundi akipima mchanga kwa koleo, leo anajaza, kesho anapunguza, na akiona mashaka anaongeza mfuko. Mtengenezee sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 30 kwa 30 kwa kimo cha 39. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kwa zege la kawaida la sakafu, mfuko mmoja unakwenda na masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto.

Maji ndiyo yanayoharibu zaidi. Vibarua hupenda zege la majimaji kwa sababu linamwagika bila jasho, lakini maji ya ziada yakikauka huacha matundu, na nguvu inashuka. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 hivi, yaani mtungi wa lita 20 na robo yake. Mchanga ukiwa umelowa mvua, maji yapungue zaidi. Zege likiwa zito, dawa yake ni kulishindilia vizuri.

Halafu kuna haraka ya Desemba, watu wakitaka nyumba iwe tayari kabla ya jamaa kurudi nyumbani. Zege huhitaji kubaki na unyevu kwa siku 7 angalau, na lenye pozolana lipewe siku 14 kwa sababu hukomaa polepole. Lifunike kwa magunia au majani ya migomba, ambayo hapa hayanunuliwi, na ulimwagilie asubuhi na jioni. Zege lililokaukia juani hupasuka, na nyufa hizo zitazibwa kwa saruji nyingine.

Kuhusu kuta, wengi hudhani tofali la kuchoma halina lawama. Tanuri la matofali linameza mikaratusi kwa magari, na kuni mbichi huongeza moshi. Njia iliyo bora ni tofali la udongo linaloshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, bila kuchomwa. Shida ni kwamba udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Ondoa udongo wa juu wa shamba, kisha upime ule wa chini: jaza udongo uliolowa katika kisanduku chenye urefu wa sentimita 60, na upana na kina cha sentimita 4. Uache ukauke kabisa kivulini, kisha pima ulivyonywea. Ukinywea zaidi ya sentimita 6, usiutumie peke yake. Uongeze mchanga au murram na upime tena. Tofali likitoka mashineni nalo linyweshwe maji kama zege, na paa liwe na upenu mpana wa kulinda kuta dhidi ya mvua ya mshazari.

Hata hivyo, hakuna ujanja wa fundi unaoshinda uamuzi wa ukubwa wa nyumba. Vijijini kuna nyumba nyingi zilizojengwa kwa pesa za walioko Minnesota na Nairobi, zenye vyumba ambavyo havilaliwi isipokuwa wiki moja ya mwaka. Ndugu yangu unayetuma pesa za ujenzi, hesabu kwanza watu watakaolala humo mwezi wa Machi, ndipo umwambie fundi achimbe msingi.