Jicho halimuumi mama, matone yatapimwaje?

SWALI: Mama aliugua mkanda wa jeshi usoni. Sasa jicho lake ni kavu na lina kidonda, lakini anasema haliumi. Wataalamu hujuaje kama dawa ya matone inafanya kazi?

JIBU: Kutoumwa huko ndiko kunakotia wasiwasi. Neva za konea, kioo cha mbele cha jicho, zikiharibika, jicho hufa ganzi, machozi hupungua, na kidonda hugoma kupona.

Kwa hiyo kauli ya mgonjwa peke yake haitoshi. Daktari hugusa konea kwa ncha ya pamba kupima hisia, kisha hutia rangi ya fluoresini, inayong'aa penye kidonda, ili akipime kwa milimita.

Ndivyo yalivyopimwa matone ya senejemini, protini ya kukuza neva iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Wagonjwa 151 wenye tatizo hili waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa dawa, wengine matone yasiyo na dawa, mara 6 kwa siku kwa wiki 8. Konea zilipona kabisa kwa asilimia 70 ya waliopata dawa, dhidi ya asilimia 28 ya wale wengine. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mama apelekwe kwa daktari wa macho leo. Konea yaweza kutoboka bila yeye kuhisi.